Bibi Alipogoma Kutoka Jikoni

Juzi pale Makandana mafundi walikuwa wakikata mti ulioinamia nyumba, nami nikatazama kutoka ng'ambo ya barabara, msomi mzima. Harufu ya mkaratusi mbichi ilinirudisha utotoni, kwa bibi, kijijini Masukulu.

Dhoruba ilikuwa imeuinamisha mkaratusi wake juu ya paa la jiko. Wajomba walifunga kamba ili wauvutie migombani, lakini bibi aligoma kutoka jikoni.

"Mama, toka! Utakuangukia!"

"Nikitoka mtakata ovyo. Kateni nikiwa humu, nakunywa chai."

Walikata polepole, na hakuna aliyetania. Mti ulilia, ukaangukia migombani, ardhi ikatikisika. Bibi akatoka na kikombe kitupu.

"Ndaga, wanangu," aliwashukuru.

Khanga yake ilikuwa imelowa chai kuanzia kifuani. Kwa akili yangu ya utoto, nikadhani ni uzee tu.