Bwana Ndoo Apanda Tena Ghorofa Kwenye Duka la Dobi

Saa nne asubuhi, mvuke unapanda kutoka kwenye meza ya kupigia pasi. Mama Pasi ananyoosha kola ya shati jeupe. Macho yake yako kwenye kitambaa, lakini masikio yako kwingine.

"Hiyo ni ghorofa ya tatu," anasema bila kugeuka. "Angalia tairi la kulia."

Kwenye kona ya duka lake la kufulia, mbele ya kabati refu la mbao lenye kioo kama cha televisheni, ameketi kaka yake. Mkono wa kushoto umeshika kijiti cha kumwongozea mchezaji. Wa kulia umelala juu ya kitufe chekundu cha kurukia. Mlio mkali unasikika, kisha kimya.

"Nimekufa," kaka anatangaza.

"Poa. Kufa ndio kazi yenyewe," anajibu dobi huyo na kugeuza shati upande wa pili.

Wateja wanaosubiri kwenye benchi wanacheka. Kaka naye anacheka, na kicheko hicho kwa muda mrefu hakuna aliyetarajia kukisikia tena.

Mchezo huo ni wa zamani, wa enzi ambazo picha zilikuwa vidoti vya rangi tu. Mtu mdogo mwenye ndoo anapanda jengo lisilokamilika, ngazi hadi ngazi. Juu kabisa amekaa dubu mkorofi aliyeteka tangi la maji, na kazi yake ni kuporomosha matairi. Ukifika juu ukafungua bomba, dubu analowa na kukimbia. Halafu anarudi, na matairi yanakuja kwa kasi zaidi. Mtaani waliuita Bwana Ndoo.

Baba yao alikuwa mlinzi na mfagizi wa ukumbi wa kuchezea mashine kama hiyo. Jioni ukumbi ulijaa vijana wa kiume, na kaka ndiye aliyekuwa bingwa wao. Binti alicheza asubuhi tu, baba akiwa bado anafagia.

"Baba alikuwa anasema, 'Haya, panda upesi kabla bosi hajafika,'" anakumbuka Mama Pasi, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu waliokwisha kujitegemea. "Nilikuwa napenda kuliko kula. Lakini sikuwa hodari. Dubu alikuwa ananijua kwa jina."

Watu walipoanza kuwa na michezo nyumbani, ukumbi ulifungwa. Baba aliomba apewe mashine moja. Iliishi stoo miaka mingi, ikageuka rafu ya ndoo na makopo. Baba alipofariki, Mama Pasi aliihamishia dukani, akaitandikia shuka na kupangia juu yake nguo zilizokunjwa.

Kaka alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu wa kupanda majukwaa marefu huku akipiga mluzi. Kiharusi kilimkuta akiwa chini, anakoroga rangi. "Mungu alinihurumia," anasema. "Dakika chache baadaye ningekuwa juu."

Alipona, lakini mkono wa kulia ukagoma. Mtaalamu wa viungo wa zahanati alimpa mpira laini wa kuminya kila siku. Akautupa uvunguni.

"Alikuwa anaangalia ukuta tu," anaeleza mkewe, ambaye huuza mboga sokoni. "Ukimwambia fanya mazoezi, anakujibu yeye si mtoto wa kupewa mpira. Nikamwambia wifi, mimi nimefika mwisho. Nikienda sokoni nitakuletea akae kwako, angalau aone watu."

Ikawa hivyo. Kaka akaletwa dukani kila asubuhi, akakaa kwenye benchi, akautazama ukuta wa duka badala ya ule wa nyumbani.

Ndipo Mama Pasi akakumbuka kilichokuwa chini ya shuka. Alimwita fundi wa televisheni wa mtaa wa pili, mzee mpole aliyeifungua mashine na kukuna kichwa.

"Dada, humu ndani mende wamejenga mji," fundi alimwambia. "Lakini ubongo wake mzima."

Alirudi mara kadhaa. Alibadilisha kioo kwa kile cha televisheni ya zamani, akaunga nyaya, akatengeneza kijiti kipya kwa mpini wa bisibisi. Siku dubu alipotokea tena, rangi zimepauka kidogo, Mama Pasi anakiri machozi yalimtoka.

Hakumwambia kaka yake lolote. Alisimama tu akacheza, akauawa na tairi la kwanza. Akacheza tena, akauawa tena.

Nyuma yake ikasikika sauti nzito iliyokuwa haijatamka kitu tangu asubuhi.

"Unaruka mapema."

"Nilijifanya sijasikia," anasimulia. "Nikaruka mapema zaidi. Basi hapo akashindwa kuvumilia, akainuka."

Lakini kuinuka ni jambo moja, na kupanda ni jingine. Kidole cha kulia hakikufuata amri. Kila tairi lilimpitia kabla hajaruka. Siku ya tatu, mteja mmoja alicheka, pengine bila ubaya. Kaka aliondoka akiburuta mguu, na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Mama Pasi alifunga duka mchana, akamfuata nyumbani.

"Nilikuwa bingwa mimi," kaka alimwambia. "Leo watu wananiona nauawa na tairi la kwanza."

"Na mimi je? Nimeuawa na tairi la kwanza tangu utotoni. Mbona sijahama mtaa?"

Kaka alitaka kukasirika, akashindwa. Dada yake alipoona uso umelegea, akatoa wazo alilokuja nalo: yeye atashika kijiti, kaka abonyeze kitufe tu. Wapande wawili kwa mtu mmoja.

Wiki za kwanza zilikuwa za ugomvi. "Mbona hujaruka?" "Mbona hukunipeleka?" Wateja walizoea. Taratibu kidole kikaanza kusikia. Mtaalamu wa viungo, alipoelezwa, hakupinga, ila aliweka sharti: mpira kwanza, dubu baadaye. Mke wa kaka akauchokoa mpira uvunguni kwa ufagio.

Walipofungua bomba kwa mara ya kwanza, ilikuwa mchana wa mvua, siku ambazo nguo hazikauki na mapato ya dobi hushuka nusu. Dukani walikuwa wawili tu. Dubu akalowa, akakimbia.

"Alinishika bega," anasema Mama Pasi. "Kwa mkono ule ule wa kulia."

Leo kaka anashika kijiti mwenyewe. Anafunga vifungo vya shati lake na kunywa chai bila kuimwaga. Majukwaa marefu hatayapanda tena, na analijua hilo. "Wanasema mpanda ngazi hushuka," anasema. "Mimi nilishashuka. Sasa hivi napanda, na sina haraka."

Mama Pasi naye ana mpango. Seremala anamtengenezea meza ya pili ya kupigia pasi, fupi, ya mtu anayefanya kazi ameketi. Itawekwa karibu na dirisha. Kaka ameshaanza kujifunza kwa leso na foronya, na dada yake anamtazama kwa jicho la pembeni asije akaunguza.

"Mwezi ujao namwingiza kwenye mashati," anasema, akikunja lile jeupe lililokwisha kunyooka. "Ya wateja wapole kwanza. Ya wakali tutayaacha hadi mwakani."