Majibu Arobaini ya Mpakani

Nilizaliwa mpakani kwa sababu ya mila. Mama na baba walikuwa wanaishi Ilala, lakini kwa ukoo wa mama mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mwanamke, kwa hiyo mimba ilipofika miezi minane alipanda treni mpaka Kigoma, akanizaa kijijini kwao, mahali ambapo ukipanda kilima unaiona Burundi. Arobaini ilipoisha akanirudisha mjini. Sikuwahi kukanyaga tena kule. Wazazi wake walikufa, shamba likachukuliwa na wengine, na mimi nikakulia Mchikichini kati ya marobota ya mitumba, nikijiona mtoto wa Dar kama wenzangu wote.

Mwaka jana nikapata kazi ya karani wa ghala huko Gerezani, baada ya miaka miwili ya kupeleka barua kila mahali. Sharti lilikuwa moja: nilete namba ya kitambulisho cha taifa ndani ya wiki mbili, vinginevyo wanamchukua anayefuata kwenye orodha. Maombi yangu yalikuwa "yanashughulikiwa" tangu nipo chuo. Nilipokwenda kuulizia, karani wa dirishani alisoma mahali nilipozaliwa, akaweka kalamu chini, akaniambia niende nikalete barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha kwamba mama yangu ni mzawa wa pale. Nilimwambia ni siku mbili njiani. Akaniambia basi niondoke mapema.

Mtu mwingine angepanda basi tu. Mimi nilikaa kwanza siku nzima nikifikiria watakachoniuliza. Mama hakunisaidia. Kila nilipomuuliza jambo la kwao alinijibu kwamba hayo ni ya zamani, nishike upande wa pili wa turubai tufunge. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kariakoo anayeuza mawese na dagaa, ambaye ametoka kata ileile ya mama, na mchana kutwa nikamhoji katikati ya wateja wake. Alifurahi sana. Alinipa majina ya vijito, wenyeviti wa kijiji tangu wa kwanza, koo zinazokaa kila kitongoji, lilikokuwa josho la ng'ombe, mwaka barabara ilipochongwa. Niliandika yote kwenye simu kama maswali na majibu. Yakafika arobaini. Kijana anayebeba magunia pale dukani alinitazama nikirudia kwa sauti akasema, "Msomi, unaenda kwenu au unaenda kufanya mtihani?"

Ndani ya basi nilirudia majibu yale mpaka nikawa nayaota. Makao makuu ya wilaya ni mji wa barabara moja, vumbi jekundu mpaka kwenye shuka za gesti. Kutoka pale nilipanda bodaboda nikapita vijiji vitatu vilivyofanana, migomba na mihogo, matofali yamepangwa kuchomwa kando ya njia. Dereva alikuwa anasimama kila tukikutana na mtu wa makamo. Anazima pikipiki, anapiga makofi taratibu, anasalimia kwa Kiha: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na yule anajibu na kuuliza yaleyale upya. Mimi nilikuwa naangalia saa. Mara ya nne nikamwambia ofisi itafungwa. Akanijibu kwa upole kwamba watu wa ofisi ndio hao tunaowasalimia.

Kweli mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba mwenye koti la suti na ndala. Tulimkuta tena ofisini pamoja na mtendaji wa kijiji, kijana wa rika langu, ambaye ndiye anayeandika barua. Nilitoa shikamoo, nikaeleza shida yangu kwa mpangilio niliouandaa. Mwenyekiti akauliza kijito kinachopita chini ya shule kinaitwaje. Nikakitaja, nikaongeza kinamwaga maji wapi. Akauliza kabla yake nani alikuwa mwenyekiti. Nikawataja watano kwa mfuatano.

Walitazamana. Nilidhani wamevutiwa, kwa hiyo nikawapa na josho.

"Huyo wa tatu," mwenyekiti akasema, "mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamsahau."

Kisha mtendaji akanieleza, bila ukali, jambo ambalo mzee wa mawese hakulijua au hakunikumbusha. Pale mpakani hakuna asiyetaka barua. Watu huvuka, hukaa miezi michache, halafu huja ofisini wakiwa wamefundishwa majibu na mtu aliyewalipia nauli. Nao wanajua vijito vyote. Wanajua wenyeviti wote. Mtoto wa pale akija kutoka mjini huwa hajui kitu, anaulizia choo kiko wapi. "Wewe hujakosa hata moja, ndugu yangu," aliniambia. "Hapo ndipo tatizo lilipo." Akasema nirudi kesho, wangeona kama kuna mtu anayemkumbuka mama yangu.

Nilitoka pale nikiwa na hasira iliyokosa mtu wa kuangukia. Ningemkasirikia nani? Nilikuwa nimeshindwa kwa kufaulu. Kijijini hakuna gesti, kwa hiyo nikaenda kulala senta ya jirani, penye gulio ambalo watu wa pande zote mbili huja kuuziana ndizi, maharage, vitenge na sabuni. Vitenge vyenyewe vilitoka Kariakoo, nilivitambua mpaka nembo. Mama mmoja muuza ndizi alinisikia nikiongea akaniita Mswahili, akawauliza wenzake nani amempoteza Mswahili wake huku, wakacheka. Nilimwambia nimezaliwa hapa. Akacheka zaidi.

Nilipowasha simu nikapokea ujumbe wa kunikaribisha Burundi. Mtandao wa ng'ambo ulikuwa na nguvu kuliko wetu. Niliufuta haraka, kisha nikaanza kujiuliza kama kuufuta si ndio ushahidi wenyewe, kama kuna mahali panaandikwa kwamba simu yangu ilionekana nchi nyingine siku ninayodai uraia. Nilizima simu. Kumbe alamu nayo ilikuwa humo humo, na asubuhi nikachelewa.

Nilipofika ofisini niliwakuta mwenyekiti na mtendaji wakiwa na bibi mmoja, jirani wa zamani wa nyumba ya babu yangu, amekaa kwenye benchi na fimbo yake. Alinitazama usoni muda mrefu, akasema hanijui. Alisema katika nyumba ile alikuwepo binti aliyekwenda Dar, lakini mimi sifanani naye. Nimefanana na baba, ndiyo bahati yangu. Mtendaji akaniambia nimpigie mama, niweke sauti ya nje.

Mama alipokea akiwa kazini. Nyuma yake walisikika watu wakigombania mashati. Mwenyekiti akamsalimia, akamuuliza kijito cha chini ya shule kinaitwaje.

"Kijito gani?" mama akasema. "Mimi nilikuwa nachota maji, sikuwa nauliza majina."

Nilifumba macho. Akaulizwa mwenyekiti wa zamani, akataja mtu ambaye bibi alisema alikuwa mganga. Akaulizwa mwaka wa barabara, akasema yeye hana habari na barabara, na mteja asiyenunua asishikeshike nguo. Niliona kazi ya Gerezani ikienda kwa anayefuata. Nikanyoosha mkono nichukue simu nimsaidie, nimnong'oneze hata kijito kimoja, mtendaji akanizuia.

Hapo bibi akaisogelea simu akaanza kuongea Kiha. Aliongea kwa kirefu. Mama akajibu kwa Kiha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba na ya kasi, kama ya msichana. Bibi akampandishia sauti. Mama naye akapandisha. Nilimuuliza mtendaji wanasema nini.

"Bibi anasema mama yako alimvunjia chungu cha kupikia maharage," akanitafsiria. "Mama yako anasema kilikuwa na ufa tangu alipokiazima."

Waligombana mpaka vocha yangu ikakaribia kuisha. Mwenyekiti alikuwa amejiinamia anacheka bila sauti. Alipoona inatosha akagonga meza kwa kidole. "Andika barua," akamwambia mtendaji. "Mtu hafundishwi ufa wa chungu." Bibi ndiye aliyeweka dole gumba kama shahidi, bado amekunja uso. Akaniagiza nimwambie mama kwamba chungu kilikuwa kizima.

Niliisoma barua ile ndani ya basi zaidi ya mara ishirini. Nilihofia muhuri umefifia upande mmoja. Nilihofia pia dole gumba, kwamba mjini wangesema si sahihi. Nilipofika dirishani siku ya kumi na moja nilikuwa na maelezo ya kila kasoro, na majibu yangu yalikuwa bado kwenye simu endapo wangeanza upya. Karani ni yuleyule. Aliitazama barua kama mtu anavyotazama tiketi, akaibana na karatasi nyingine, akaniambia nisubiri ujumbe.

"Huna swali lolote?" nikamuuliza.

"Kwani wewe unataka nikuulize nini?"

Namba ilikuja siku moja kabla ya wiki mbili kuisha, nikiwa kituo cha mwendokasi Gerezani. Nikaenda nayo moja kwa moja ghalani, wakaipokea, na sasa ni mwezi wa saba nahesabu mizigo ya watu. Ningepaswa kushukuru. Lakini kila nikikumbuka siku zile nakasirika upya, siku mbili za basi kwenda na mbili kurudi, kwa karatasi iliyotazamwa namna ile, na majibu arobaini ambayo hata moja halikunifaa.

Jioni ya siku namba ilipokuja nilimwambia mama nimepata. Alikuwa anakunja suruali za watoto. Akasema Mungu mkubwa, akaendelea kukunja. Nikampa salamu za bibi, nikamwambia anasisitiza chungu kilikuwa kizima. Mama akaiweka chini suruali aliyoishika. Akaanza kunionyesha kwa kidole, hewani, ufa ulipoanzia ukingoni na ulivyoshuka mpaka karibu na kitako.

Jumamosi iliyofuata alinituma Kariakoo nikatafute chungu cha udongo, kikubwa, kisicho na ufa, nimpelekee mzee wa mawese akisafirishe mpaka kwa bibi. Nilikigonga chote kwa kidole kabla sijalipa.