Wazazi wangu waliachana, lakini niliyemkosa zaidi ni nyanya

Wakuu, habari za leo. Mimi humu huwa msomaji tu. Lakini juzi kuna mtu aliuliza watoto wa divorce huwa wanamkosa nani zaidi, baba ama mama, nikashindwa kunyamaza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Wazazi wangu waliachana nikiwa Form Two. Kwa baba ni Nyacheki, tuna majani chai na migomba. Mama alinichukua tukahamia chumba cha kupanga Kenyenya, akaanza kushona nguo sokoni.

Kila mtu alinihurumia eti namkosa baba. Baba nilikuwa namwona, alikuwa anakuja shule.

Niliyemkosa ni Magokoro, nyanya yangu mzaa baba.

Kule Nyacheki mlango wake ulitazamana na wetu. Nimekula kwake kuliko kwetu. Tulipohama, nikimtaja, mama alikuwa anasema, "Kule si kwangu tena, Kemunto," kisha anarudi kwa cherehani.

Kuna kitu hamjui. Mama alifiwa na mamake akiwa mdogo sana. Aliyemfundisha kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu, na aliyemkanda aliponizaa, ni Magokoro. Kwa hivyo ndoa ilipovunjika, mama alipoteza mama mara ya pili.

Likizo ya Aprili nikaenda kwa baba. Magokoro akanishika uso kwa mikono miwili. Masomo hakuuliza.

"Mama yako anakula vizuri?"

Nikamwambia tumpigie. Akakataa, akakubali, akakataa tena. Nikapiga tu, nikaweka spika.

"Nyaboke!" akaita, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Ni mimi. Mimi sikukufukuza, mwanangu."

Tukasikia mama analia.

Hapo ndipo baba akatokea mlangoni na mzigo wa nyasi za nepia za ng'ombe begani. Wakuu, nilijua nimepatikana! Tangu waachane, jina la mama halikuwa linatajwa pale.

Alisimama akasikiliza kile kilio. Akaenda zake kwa zizi.

Kesho yake akaniambia bila kuniangalia, "Siku ya soko nitampeleka mama yangu Kenyenya na pikipiki. Lakini mimi sitafika hapo kwa mama yako."

Na kweli alimleta, mimi nikiwa nimesharudi kwa mama. Mama aliacha nguo ya mteja kwa mashine akakimbia. Walishikana katikati ya soko, wauza ndizi wakawapisha. Magokoro alikuwa anampangusa machozi na leso yake, huku yeye mwenyewe analia.

Baba alibaki ng'ambo ya barabara, helmeti mkononi. Nilitamani avuke. Nilijiambia likipita hili lori atavuka. Lori likapita.

Alimwangalia mama, mama naye akamwangalia. Baba akainamisha kichwa kidogo, akawasha pikipiki akaenda.

Tangu siku hiyo sijawahi kuwaona wote watatu mahali pamoja.

Sasa niko college. Mama na Magokoro bado hukutana sokoni. Baba alioa tena, na mama wa kambo ni mtu mzuri, sina shida naye. Lakini kuna jioni natamani tu kukaa pale uani kwetu nikiwasikia wote wakiongea, kila mtu na yake. Hiyo hairudi. Nimekubali, lakini kukubali si kusahau.

Nilichojifunza ni hiki. Wazazi wakiachana, wanaoachana ni wao wawili. Msiwatenganishe watu wengine wote. Muulize kijana wako anamkosa nani, na usishangae akitaja mtu ambaye hukumfikiria. Na wewe kijana, sema. Mimi ningenyamaza, mama na Magokoro wangezeeka kila mmoja akimkosa mwenzake, na hawajawahi hata kugombana.

Wenye mmepitia haya, hebu semeni hapa chini: nyinyi mlimkosa nani, na mmeshamwambia?