Mgeni wa Chama cha Baba

Baba yangu aliwahi kuanzisha chama cha siasa, na aliyeumia ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyepika.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi viliporuhusiwa. Pamba ilikuwa imelala maghalani, na baba, fundi baiskeli wa Bunda, alishinda mbele ya kibanda chake akisubiri wakulima ambao nao walikuwa wakisubiri kulipwa. Redioni watu walibishana kama Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Baba akaona wote hao ni waoga. Kwa nini Mara isiwe na serikali yake? Samaki wetu, pamba yetu, dhahabu ya Kiabakari yetu, halafu tunaachiwa vumbi la malori.

"Tulikuwaga tunanyamaza," aliwaambia wenzake wawili, mmoja wa Musoma na mwingine wa Butiama, wakinywa chai sebuleni kwetu. "Sasa basi."

Sheria ilikataza chama cha mkoa mmoja. Baba akasema chao ni cha nchi nzima, ila hiyo nchi nzima, kichwani mwake, iliishia Lamadi, ukivuka tu mpaka wa mkoa. Wakaanza na makao makuu. Wa Musoma alitaka Musoma kwa sababu ya ziwa. Wa Butiama alitaka Butiama, kwa hoja kwamba wao uzoefu wa kuongoza nchi wanao. Baba alitaka Bunda kwa sababu kibanda chake kilikuwa Bunda. Walishindwana kabisa, wakaafikiana jambo moja tu: wageni warudi kwao.

Mama ndiye aliyekuwa akimimina chai. Alizaliwa Pemba, akaletwa Musoma angali wa kubebwa, babu alipokuja kushona nguo. Aliweka birika mezani taratibu, akauliza, "Baba watoto, na mie nakwenda lini?"

"Wewe ni mke wangu," baba alisema. "Utapewa kibali."

Sijui kama kuna mwanamume aliyewahi kusema upuuzi mkubwa kuliko huo mbele ya birika la moto. Mama hakugomba. Alikwenda kujifunga khanga mpya, akarudi na mfuko wa nguo zake, akakaa kwenye kochi la vitambaa, lile la wageni, na mfuko akauweka miguuni. Baba alipouliza chakula, akajibiwa kwamba mgeni haingii jikoni kwa watu. Mama alianza hata kusema Kipemba, ambacho hakukijua sawasawa. Nadhani maneno mengine alikuwa anayatunga.

Basi nikapika mimi. Baba hakutaka watu waseme nyumba yake inamlisha mgeni dagaa, kwa hiyo alichinja kuku, na kesho yake akachinja mwingine. Mama alikula kwa adabu, akashukuru, akatuulizia hali za wazee wetu wa Bukima kana kwamba hawajui. Majirani walipita kumsalimia mgeni. Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili, macho mekundu kwa moshi, lakini kila nilipopeleka sahani niliuona ule mfuko na kuogopa. Nguo zake zote zilikuwa ndani.

Siku ya tatu baba alijipa moyo. "Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe."

"Jembe la nyumba hii nimelishika kabla sijamzaa huyu," mama alisema akinionyesha mimi. "Nikilishika, mwenyeji. Nikiliweka, mgeni. Chagua moja, nijue."

Baba akaondoka kwenda kibandani kuziba pancha ambayo haikuwepo.

Kwenye chama nako mambo yalikuwa yamemharibikia. Sheria ilitaka wanachama kutoka mikoa kumi, na wengine wawe wa Visiwani. Kwa hiyo mtu aliyetaka wageni waondoke alizunguka mtaa wetu wote wa Manyamanyama akiwabembeleza wageni wajiunge. Mchaga wa duka aliuliza chama kinataka nini, baba akamjibu, "Maendeleo." Yeye na wenzake walikubali kwa ajili ya ujirani tu. Wa Visiwani alikuwa mmoja, na alikuwa kwenye kochi letu.

Ofisa wa kuandikisha vyama alikuja kutoka Musoma kuwaona wanachama. Sebule ilijaa mpaka mlangoni, baba akiwa na suti yake ya harusi. Kila mmoja alitaja kwao: Moshi, Dodoma, Kigoma, Bukoba. Nilisimama na sinia la chai nisijue niliweke wapi.

"Na Visiwani?" ofisa aliuliza. Baba akaelekeza mkono kwenye kochi, ofisa akageukia huko. "Mama, kwenu ni wapi?"

"Muulize mwenye nyumba," mama alisema. Kipemba kilikuwa kimekwisha. "Yeye ndiye anayejua wageni wake."

Rafiki wa Butiama alinong'ona, "Pemba, sema Pemba." Baba alifungua kinywa, macho yakaangukia mfuko, akakifunga. Suti ilikuwa inambana.

"Hapa," alisema. "Huyu kwao hapa Bunda."

"Sasa Visiwani mna nani?"

"Hatuna."

"Basi hapo chama hakuna, mzee."

"Najua," baba alisema, akakaa.

Mama aliinuka, akachukua mfuko wake, akaurudisha chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa khanga yake kuukuu ya kupikia. Akaniuliza kama moto bado upo jikoni, maana watu wote wale hawakuwa wamekula.