Mama Nancy na Maneno ya Yeremia

Asubuhi baada ya kumzika binti yao, Nancy, Solomoni alimkuta mkewe, Simaloi, amekaa nyuma ya zizi, wembe mkononi, nywele zake zote chini. Wanawake wa Kiarusha wengi wa umri wake waliona mama zao wakinyoa hivyo walipofiwa. Lakini Solomoni ndiye mwinjilisti wa kanisa la Kilutheri la mtaa wao, magharibi mwa Mlima Meru, na kwa miaka mingi alifundisha kwamba Torati iliwakataza Waisraeli kujichanja mwili na kunyoa kichwa kwa ajili ya maiti.

"Utanikemea, Baba Nancy?" Simaloi aliuliza.

Hakumkemea. Aligeuka tu, akaingia ndani.

Jumapili Simaloi alikwenda ibadani amejifunga kitenge kichwani. Hedwiga, kiongozi wa kwaya, akamnong'oneza asiimbe na wenzake kwanza, asubiri nywele ziote. Simaloi akarudi nyumbani. Baada ya hapo majirani nao wakaacha kuja, wakidhani mwinjilisti amechukia.

Somo la Jumapili iliyofuata lilikuwa la Yeremia. Macho ya Solomoni yalikuwa yamefifia, hivyo mkewe alimsomea kama kawaida, jikoni, maziwa yakiwa motoni. Akafika pale nabii anapotabiri kwamba wakubwa kwa wadogo watakufa, wasizikwe, wala asiwepo wa kuwalilia, wala wa kujichanja au kunyoa kichwa kwa ajili yao.

Simaloi akainua macho kutoka kwenye kitabu. "Kama kunyoa ni kosa, si angefurahi kwamba kunakwisha? Mbona anasikitika?"

"Hebu rudia."

Akarudia. Solomoni alikuwa amepita kwenye maneno yale mara nyingi bila kuyatafakari.

"Sheria ilikataza," alisema taratibu, "lakini watu waliendelea kunyoa, na nabii alilijua hilo. Nadhani anaonyesha ukiwa wenyewe. Mtu afe, asipatikane hata mmoja wa kumlilia kwa namna yoyote."

"Nancy amepata wa kumlilia."

"Ndiyo. Wewe ndiye umekosa wa kukaa nawe. Na niliyeanza kukuacha ni mimi."

Akachukua mafuta, akampaka kichwani polepole, akikwepa pale wembe ulipomkata. Simaloi alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili hiyo Solomoni aliwafundisha watu hivyohivyo. Mzee Peter akauliza, "Kwa hiyo tunyoe?"

"Sijasema hivyo. Sheria siwezi kuibadilisha. Ninachosema ni kwamba mke wangu amefiwa, na hamjaja. Hata mimi nilichelewa."

Jioni Hedwiga alifika na kibuyu cha loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, wanakwaya wakiwa nyuma yake. Alipiga magoti mbele ya Simaloi.

"Nisamehe, Mama Nancy. Nilitazama kichwa chako, sikukutazama wewe."

Simaloi akamshika mkono, akamketisha kando yake. Wakamwomba awasimulie habari za Nancy. Akaanza na jinsi alivyokuwa akicheka katikati ya sala, na wote wakacheka huku wanafuta machozi.