Ngalawa ya Kivuva Juu ya Mgunga

Asubuhi ile ndugu yangu Kivuva alipomng'oa ndugu yangu Nzomo meno mawili kwa ngumi moja, mimi nilikuwa katikati yao nimeshika sufuria ya uji. Jino la kwanza lilianguka ndani ya uji. La pili halijaonekana mpaka leo, na Nzomo husema nililimeza mimi.

Walikuwa wanapigania mti.

Sisi watatu tulinyonya ziwa moja hapa Kalamba. Mimi Mutindi ndiye kifungua mimba, Kivuva akanifuata, Nzomo akafunga mlango. Nzomo hakuwahi kuondoka nyumbani. Kazi yake ilikuwa mizinga ya nyuki, na asali yake aliipeleka kuuza mpaka Mutomo. Kivuva aliondoka kijana akaenda Mombasa, akabeba magunia bandarini Kilindini miaka thelathini na mitatu. Huko walikuwa wakipigana kwa kulabu zile za kuvutia magunia. Alirudi na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, na ukimuuliza aliyemkata yuko wapi, anakujibu, "Bado anatafuta vidole vyake." Nilimwona kwa macho yangu akipasua nazi kwa paji la uso. Basi, haikuwa nazi, lilikuwa boga. Lakini lilikuwa boga gumu.

Alistaafu mwaka wa 1973. Wenzake walirudi na baiskeli na mabati. Yeye alishuka na tanga la kitambaa kizito, amelikunja begani kama godoro.

"Nimepakia meli miaka thelathini na mitatu," alituambia, hata viatu hajavua. "Kahawa, magadi, ngozi. Naingiza mzigo, natoka. Sijakaa ndani ya hata moja ikiondoka. Sasa nimemaliza kubeba vya watu. Nitachonga ngalawa yangu mwenyewe, nianzie Mombasa, nishuke Vanga, Tanga, Pangani, Bagamoyo, mpaka Kilwa."

"Na nani?" mkewe Kavata akauliza.

"Na Mungu, kama hana kazi nyingine."

Kavata alikuwa mtu wa kwaya. Alimpiga mwiko wa ugali kichwani, mwiko ukavunjika.

Mimi nikauliza kilichonikaba. "Kivuva, wewe unajua kuogelea?"

"Chombo ndicho kitaogelea, Mutindi. Mimi nitakaa."

Hakujua! Miaka yote hiyo kando ya bahari, na hakujua. Na ni nani wa Kalamba anajua? Maji yetu sisi ni yale ya kuchimba mchangani na kuchota kwa kata. Mume wangu nilikuwa nimemzika, na wanangu wawili, wote mwaka mmoja. Nilibaki na ndugu hawa wawili, wapumbavu wote wawili, na sasa mmoja anakwenda kufa mahali ambapo hata kaburi halichimbiki. Siku ile nikaapa moyoni kwamba haendi.

Alianza kujipanga. Alichora pwani yote kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la Kavata, kila mji na nukta yake. Kavata akaipaka samadi ya ng'ombe. Akaichora tena, Kavata akaipaka tena, mpaka siku waliyogombania mkaa wakaangusha ukuta wenyewe. Alipima ni vibuyu vingapi vya maji, ni madebe mangapi ya muthokoi, mahindi yale yetu ya kutwangwa ganda. Aliketi ndani ya hori la ng'ombe akanipa ugoro nimtikise, ajizoeze mawimbi. Nilimtikisa mpaka akatapika, nikaendelea kumtikisa. Nilitumaini atachoka na bahari. Mchungaji naye alimhubiria habari za Yona Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya tatu Kivuva alisimama katikati ya kanisa akasema, "Lakini Yona alifika," akatoka.

Sasa ule mti. Ulikuwa mukau, mti wa marehemu baba, mnene na mnyoofu kuliko yote ukingoni mwa mto. Nzomo alikuwa na mizinga mitatu juu yake. Kivuva alingoja Nzomo aende Mutomo, akaukata na mizinga yake juu. Nyuki wakakimbia, asali ikamwagika, sisimizi wakala sikukuu. Nzomo aliporudi aliukuta uko chini. Alichukua upinde akampiga nao mgongoni mpaka ukakatika vipande, halafu akachukua kipande akaendelea. Hapo ndipo ngumi ile ilipotoka, na uji wangu ukaharibika.

Kivuva alichonga. Mtoto yeyote wa Kikamba amemwona baba yake akichimba gogo la mzinga, kwa hiyo mikono yake haikuwa migeni kwa tezo. Mwezi mzima, kichwa chini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Ngalawa ikatoka, nami ingawa niliichukia niliipapasa. Ilikuwa laini kama shingo ya ndama.

Ikabaki kuziba nyufa. Pwani huziba kwa pamba na mafuta ya papa. Pamba ilikuwepo, tulikuwa tunailima. Papa wa Kalamba ni nani? Kivuva alikuwa akikuna kichwa juu ya jambo hilo Nzomo alipokuja polepole na kifurushi kwenye jani la mgomba.

"Mwana wa mama," akasema, hewa ikipita kwenye pengo, "yaliyopita yamepita. Chukua nta. Ipake ndani yote, usiache hata kidole."

Kivuva alimkumbatia. Alilia, yule mtu wa kulabu.

Nilimtazama Nzomo, Nzomo akanitazama. Kila mtu aliyekulia hapa anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ndani ili nyuki wausikie kutoka mbali. Kivuva alikuwa ameyasahau haya akisomba magunia. Mimi sikuyasahau. Nikanyamaza, nikampelekea chai.

Alipomaliza kuipaka, aliihofia jua lisiipasue. Akaifunika ngozi za ng'ombe, akaikaza kwa kamba za katani pande zote, akaivuta kwa fahali wawili mpaka juu ya mgunga mkubwa ulioko nyuma ya boma, ikaning'inia kivulini. Sasa niambie wewe. Gogo lililochimbwa, limepakwa nta, limefunikwa giza, limening'inizwa juu ya mti. Hata nyuki kipofu angejua ni nyumba ya nani.

Mvua ya Novemba ilinyesha, migunga ikachanua, nao wakaja. Kundi la kwanza lilitia giza uani. La pili likafuata. Kavata anasema yalikuwa makundi mawili. Mimi nilihesabu saba.

Kivuva aliwashambulia siku hiyohiyo kwa mwenge wa moshi. Walimshusha kabla hajafika tawi la kwanza, wakamfuata mpaka ndani ya nyumba, wakamfuata chini ya kitanda. Punda wake alikuwa amefungwa pale karibu. Punda yule alilia mara moja tu, akaruka juu na kamba yake, akaanguka, akapigapiga miguu, akanyamaza. Tulipomkuta alikuwa amevimba kama gunia la pamba, ulimi nje, na nyuki bado wanamchoma maiti.

"Hao ni wangu," Nzomo akamwambia. "Uliniharibia mizinga mitatu, mmoja umenilipa. Nyuki wakishaingia hawatolewi kwa fujo. Utaniachia mpaka wajaze asali."

"Lori la Mursal linakuja Alhamisi."

"Basi liende na mbuzi."

Mursal alikuwa Msomali mnunuzi wa mifugo aliyepita kwetu na lori lake kwenda Mombasa. Alikubali kuibeba ngalawa juu ya vichwa vya mbuzi. Lakini ilikuwa safari yake ya mwisho upande wetu. Baada ya hapo alikuwa anarudi Garissa. Hapakuwa na gari lingine la kubeba kitu kirefu namna ile. Alhamisi ikipita, Kivuva hana bahari. Nilijua hivyo, nami siku zile nililala usingizi mzuri sana.

Alhamisi asubuhi lori likaingia bomani limejaa mbuzi. Kivuva akatoka nyumbani amejiviringisha tanga lake lote kutoka kichwani hadi miguuni, macho tu nje, panga kwenye meno. Nzomo alikuwa chini ya mgunga na upinde mpya.

"Ukipanda nakuchoma."

Kivuva akapanda.

Nzomo akavuta. Ulikuwa mshale wa ndege, hauna sumu, nasema hivyo kwa sababu wako waliosema mengine. Uliingia tako la kushoto ukalishona na tanga. Kivuva alinguruma, panga likamponyoka menoni akalidaka hewani, hilo nililiona, akaendelea kupanda na mshale ukicheza nyuma kama mkia. Nzomo akavuta wa pili, ukakwama mtini. Kivuva akafyeka kamba ya kwanza.

Ngalawa ilishuka upande mmoja, ikapiga mzunguko, ikamkuta Nzomo kwenye mkono. Niliusikia ule mfupa. Ulilia kama kuni kavu. Kivuva akafyeka ya pili, kitu chote kikaporomoka, ngozi zikapasuka, na nyuki wakatoka.

Mwanangu, sijui niseme nini. Jua lilififia. Nilijitupa kwenye shimo la samadi nikajifunika. Mbuzi walivunja mlango wa lori, wakakanyagana, sita wakafa palepale, wa saba akaingia jikoni kwa Kavata na kundi zima nyuma yake. Kavata akatoka dirishani, na jiko lile halikuwa na dirisha. Mursal alikuwa mwerevu, akajifungia ndani ya lori na kupandisha vioo. Lakini alijifungia na nyuki wanne, na wanne hao walimfanyia kazi ya arobaini. Kivuva alianguka kutoka mtini. Nzomo, mkono ukining'inia, alimburuta kwa mkono mzima mpaka kwenye moshi wa moto wa uani, akimpiga mateke njia nzima.

Ilichukua muda wa kupika maharagwe mpaka nyuki wakapanda tena kwenye tawi na kutulia.

Mursal akafungua mlango. Mdomo wake ulikuwa umehamia shavuni. "Mzee Kivuva," akasema, "leo umeniulia mbuzi sita. Lakini nilikupa neno langu. Chombo kikiwa kizima, kipandishwe sasa hivi. Kikiwa kimepasuka, sibebi kuni kupeleka Mombasa."

Kivuva alikuwa ameketi kwa upande, mshale bado mwilini. Macho yamefungwa kabisa, mikono imevimba hata vidole havikunji. Asingeweza kuona wala kupapasa. Akageuza uso upande wangu.

"Mutindi. Nenda uitazame."

Nilikwenda. Nilipitisha kiganja toka mwanzo hadi mwisho, ndani na nje, nikapiga magoti nikatazama chini yake. Nilirudi nikasimama mbele yake. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi wa kuchekesha watu, na hakuna aliyewahi kuuamini, wala sikutaka. Ule mmoja niliutaka uaminiwe.

"Imepasuka katikati, ndugu yangu. Mkono unapita."

Alishusha kichwa taratibu, mabega yakafuata, yale mabega ya magunia. Mursal akamwita utingo afunge mlango.

"Mwongo huyo," Nzomo akasema.

Alikuwa ameegemea gurudumu, ameshika mkono wake uliovunjika, jasho linamtoka.

"Nzomo!" nikamkemea.

"Nzima, mwana wa mama. Haina hata mkwaruzo. Mukau wa baba huo, utapasukaje?" Akanigeukia. "Mimi nilikuwa namuua waziwazi, Mutindi. Wewe unamfanya nini?"

Kivuva aliinuka. Alirusha kofi kuelekea sauti yangu kwa nguvu zake zote, akanikosa, akampata Mursal. Msomali wa watu alianguka chali. Alipoinuka alicheka mpaka akashika tumbo, akasema mtu anayepiga hivyo akiwa kipofu bahari itamwogopa. Wakaipandisha. Utingo alichomoa mshale kwa koleo. Kivuva aliketi ndani ya ngalawa juu ya mbuzi waliobaki, damu kwenye tanga, vibuyu miguuni, akapelekwa haoni njia.

Nilikimbia nyuma ya lori. "Utazama! Kivuva, utazama!"

Hakugeuka.

Hakuzama. Alirudi mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna mbaazi, anatembea kutoka barabarani, ngozi imekuwa kama ya kenge na mguu mmoja unachechemea. Alimsalimia Kavata, akawasalimia mbuzi, akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Nzomo, ambaye mkono wake uliunga vibaya ukabaki umepinda. Nilidhani watauana. Walikaa kwenye gogo, na kila jioni miaka minane, mpaka Kivuva alipokufa kitandani mwake, alimsimulia Nzomo safari ile mji kwa mji. Mimi nikipita, ananyamaza. Nikikaa, anaanza habari za mvua. Nzomo nilimsihi, nikampelekea ugoro, nikamtishia. Akasema, "Muulize mwenyewe."

Siku moja nilijificha nyuma ya ghala na kikapu changu cha mbaazi. Nilisikia amefika Pangani, upepo umekata kamba, maji yameingia mpaka kiunoni, na mtu fulani anakuja juu ya wimbi ameshika kisu. Hapo kuku akalia miguuni kwangu. Kivuva akanyamaza.

Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuendelea.