Jiwe la Ndani ya Boma

Kila nipitapo penye mashine ya kusaga, harufu ya unga wa uwele ukiwa bado na joto hunirudisha kwa bibi, mwaka ule jiwe lake la kusagia lilipopasuka vipande viwili.

Wewe uliyezoea mashine utaona ni jambo dogo. Kwetu, nje kidogo ya Manyoni, nyumba isiyo na jiwe ilikuwa nyumba ya kuombaomba. Tena kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yangu, na walipaswa kula ugali wa uwele.

Jirani yetu, Mama Sechelela, alichungulia uani. "Bibi, wakwe watatafuna uwele mzima kama kuku?"

Bibi alichukua ngata yake ya kubebea mizigo kichwani, akanishika mkono, tukapanda mlimani kwenye boma la Wajerumani. Waingereza walikuwa wameliacha libomoke. Ndani ya ukuta wake mnene mlikuwa na mahekalu mawili madogo, yaliyojengwa na Wahindi wa reli. Paa zilikwisha kuanguka, na mtini ulikuwa umeota juu ya kuta. Niliogopa kuingia, mimi niliyekuwa naogopa hata kuwaamkia wageni.

Katikati ya hekalu la pili palikuwa na jiwe pana, laini, lenye mfereji ubavuni. Bibi alipiga magoti akalipapasa.

"Tazama, hata pa kutokea unga wamelichongea."

Alipoingiza vidole chini yake ili aliinue, akasita ghafla. Jiwe lilikuwa limelowa maziwa. Pembeni palikuwa na ua ambalo halijanyauka. Bibi alivuta mikono yake, taratibu, kama mtu aliyekuta mtoto amelala.

Mara akaingia mama mzee wa Kihindi, mwenye duka kule mjini, peku, na kijungu cha shaba chenye maziwa mkononi.

"Mama taka nini hapa?"

"Jiwe la kusagia," bibi akasema, bila kuficha. "Nimekuta lina mwenyewe."

Yule mama alilitazama jiwe, akamtazama bibi, akatabasamu. "Bwana yangu jenga hii, wakati ya reli. Sasa yeye kwisha kufa."

"Pole, dada. Basi mwagia, tusikucheleweshe."

Bibi alivua ndala zake za ngozi, akatoka nazo mkononi.

Njiani niliona aibu kwa ajili yake. Ngata tupu, na jioni ile ile akaenda kwa Mama Sechelela na kikapu cha uwele. "Kuku wamekuja," akasema mlangoni. "Tupishe jiweni." Mama Sechelela alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasaga pamoja nasi. Wakwe walikula wakashiba.

Nilidhani siku ile bibi alishindwa. Kumbe kwetu pia, mahame, makazi yaliyoachwa, ambayo mtu bado anayaendea kuwamwagia wazee wake waliokufa uji wa uwele, hayaguswi, na bibi hakuhitaji kuuliza maziwa yale yalikuwa ya dini gani.

Mwaka jana vijana walipanda bomani kutafuta mawe ya msingi wa nyumba, nami nikawafuata. Kuzungumza mbele ya watu bado hunipa shida. Lakini walipofika kwenye lile jiwe nilisikia sauti yangu ikitoka, nzito, bila haraka: "Hilo lina mwenyewe."

Wakaliacha.